Sikio la Fundi Zuberi

Nililia mara mbili kwenye msiba wa Fundi Zuberi. Mara ya kwanza nililia pamoja na watu wote, walipomtoa ndani. Mara ya pili nililia na mdogo wangu Editha, na sababu ilikuwa spika. Vijana waliokodiwa kuleta vipaza sauti walikuwa wameisukumia sabufa, spika ile ya besi, kwenye kona ya ukuta na kuipandisha mpaka mwisho, kwa hiyo shehe alipoanza kutoa mawaidha, sauti yake ikatoka kama ya mtu aliyetumbukia kwenye pipa. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake. Mguu wangu mmoja ukaanza kujikunjua wenyewe. Editha akanishika khanga.

“Dada, kaa.”

“Nakwenda kushusha kidogo tu.”

“Hapa ni msibani.”

“Ndiyo maana. Shehe anasema maneno mazuri na hakuna anayeyapata.”

“Dada Skola, kaa chini. Marehemu mwenyewe asingesikia.”

Hapo tukashindwa. Tulijifunika khanga tukacheka mpaka mabega yakatikisika na machozi yakatoka ya kweli, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu akatupigapiga mgongoni. “Lieni wanangu,” akasema. “Alikuwa baba yenu huyu.” Maneno hayo yakatunyamazisha, maana hakuwa amekosea sana. Nikatupa macho upande wa wanaume nikamwona Leo, mdogo wangu anayenifuata, amekaa chini ya turubai, naye anaitazama ile sabufa kwa uchungu uleule niliokuwa nao mimi. Leo anafanya kazi mbali, Editha kaolewa mbali zaidi, na ilikuwa miaka hatujakutana mtaani kwetu Majengo sote watatu. Watu walipoanza kutawanyika, tulikaa kwenye mkeka ule tukila pilau ya msibani, tukaanza kukumbushana mwaka ule, na kila mmoja alikuwa na sehemu aliyoikumbuka vibaya. Ndiyo maana nimeamua kuuandika, kabla Leo hajaanza kuwasimulia watoto wake kwamba ng'ombe walikuwa mia tano.

Habari za wazazi wetu sitaziandika hapa. Inatosha kusema kwamba mwaka huo tulikuwa tumebaki watatu, mimi nina miaka kumi na saba na kidato cha pili nilichokiacha katikati, Leo ana kumi na miwili, Editha ana minane. Tulikuwa tunakaa chumba na ukumbi katika nyumba ya kupanga, na nyumba ile haikuwa na dari. Kuta zilipanda mpaka usawa wa kichwa cha mtu mrefu kisha zikachoka, na juu yake ilikuwa hewa tu mpaka kwenye bati. Kwa hiyo vyumba sita vilikuwa na maneno ya pamoja. Tulijua nani kapika maharage bila kitunguu na mume kasemaje. Tulijua mwalimu wa chumba cha tatu anasali rozari yake haraka siku za mpira. Nadhani masikio yangu yalisomea pale. Nilikuwa ninaweza kulala chali kitandani nikatenganisha maneno ya chumba cha pili na ya chumba cha tano kama mtu anayechambua mchele, huku mawe, huku mchele. Na ndivyo nilivyosikia jambo ambalo halikuwa langu kusikia. Ilikuwa mchana, tumeshamaliza matanga, watu wameshiba wali, na baba mdogo aliyekuja kutoka Ikola alikuwa chumba cha jirani na shangazi yetu wa Mpimbwe, wanaongea kwa sauti ambayo wao waliiona ya chini.

“Leo nitamchukua mimi,” baba mdogo alikuwa anasema. “Atanisaidia dagaa. Kuanika, kugeuza, kufukuza kunguru.”

“Na mimi nimchukue Editha?”

“Mchukue. Atakuchotea maji.”

“Na Skola?”

“Skola ni mkubwa yule. Atapata mtu wa kumwoa.”

Nilitoka nikaenda kusimama mlangoni kwao. Nikapiga goti, nikasema shikamoo upya ingawa tulikuwa tumesalimiana asubuhi, kisha nikasema watoto hawaendi kokote, nitawalea mimi. Shangazi akaanza kulia. Baba mdogo hakukasirika. Sijawahi kumwona amekasirika, na ndiyo ilikuwa shida, kwa sababu mtu asiyekasirika huwezi kumngoja apoe. Alifikiri, akajikuna ndevu. “Sikiliza, mwanangu,” akasema. “Mpunga ukishavunwa nitakuja na gari. Nikikuta una kazi ya kueleweka, na mtu mzima wa kuisemea, tutazungumza. Na mihogo ya kukaanga si kazi. Hiyo ni njaa iliyotiwa chumvi.”

Nami nilikuwa nakaanga mihogo. Nilikuwa naikaangia mkabala na chumba kimoja cha duka chenye ubao ulioandikwa FUNDI ZUBERI, BINGWA WA SAUTI MKOA MZIMA. Ndani kulikuwa na redio zilizofunguliwa matumbo, deki zilizokufa zimepangwa mpaka darini, harufu ya risasi iliyoyeyushwa, na Fundi mwenyewe, mzee mnene mwenye kofia ya mkono, ambaye hakuwa anaongea bali anatangaza. Siku moja alikuwa anamjaribishia mteja redio yake, na spika moja ikawa inakoroma. Nikamwambia kutoka kwenye karai langu: “Fundi, ya kulia inakoroma.” Hakugeuka. Nikarudia kwa nguvu. Akaenda akaweka kiganja juu ya spika ya kulia, akakaa hivyo kama daktari, kisha akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Kesho yake akaniita ndani, akafunga mlango nusu, akawasha redio. “Sema unachosikia.”

“Mtangazaji ana mafua. Spika ya kushoto iko chini kuliko ya kulia. Na kuna kitu kinanguruma nyuma, kama mashine ya kusaga iliyo mbali.”

Akakaa kwenye kigoda. “Hicho cha mwisho,” akasema, “nimekiwinda wiki nzima.” Kisha akaniinamia akaninong'oneza siri yake. Miaka mingi alikuwa amepiga muziki kwenye kumbi, jenereta upande huu na maspika upande huu, na sasa sikio la kulia lilikuwa limekufa na la kushoto lilikuwa mgonjwa mahututi. Besi aliipata kwa kiganja. Yaliyobaki aliyabahatisha. “Fundi wa sauti asiyesikia,” akanong'ona, “ni kama mpishi asiye na ulimi. Watu wakijua, nimekwisha. Utakuwa sikio langu, na hutamwambia mtu.” Niliapa. Wakati ule sikujiuliza kwa nini fundi cherehani wa jirani alikuwa ameacha kukanyaga cherehani yake. Mnong'ono wa Fundi Zuberi ulikuwa unasikika mpaka stendi.

Tukatengeneza utaratibu. Mbele ya wateja asingeweza kuniuliza, nami nisingeweza kumjibu, kwa hiyo alininunulia ufagio wa ndani. Alisema katika nchi hii hakuna mtu anayemtazama msichana anayefagia. Nikifagia kuelekea mlangoni, maana yake shusha. Nikifagia kuelekea ukutani, pandisha. Nikiegemeza ufagio, hapo hapo, usiguse. Yeye alikuwa anasimama katikati ya sebule ya mteja, amefumba macho nusu, kichwa kimeinama, kidole hewani, kama mtu anayesikiliza malaika, na jicho lililobaki wazi lilikuwa kwenye ufagio. Ilifanya kazi vizuri mno. Watu walisema Fundi Zuberi ana kipaji, na pia ni mtu msafi.

Mchana tulikula pamoja dukani, ugali na samaki wa mgebuka, sahani moja, na yeye akiitangazia barabara nzima kwamba chumvi imezidi. Hapo ndipo aliponifundisha. Zama hizo hom thieta zilikuwa zimeanza kuingia Mpanda, zile za spika nyingi na sabufa yake na amplifaya inayoandika mambo kwenye runinga, na kila mwenye uwezo alitaka moja kabla ya jirani. Ndani ya mashine ile kuna kitu kinaitwa krosova. Fundi alinieleza kwa mikono, kwa mishale ya mkaa ukutani na kwa hadithi za enzi zake, sikuelewa. Nilielewa siku niliyowapeleka wadogo zangu bombani. Leo alibeba ndoo, Editha akabeba kidumu. Editha akang'ang'ania ndoo, nikampa, akapepesuka njia nzima akafika na nusu, nguo zimelowa, na analia. Siku nyingine Leo akabeba vyote ili aonekane mwanaume, akatembea anahema na kugongagonga kuta za watu. Krosova ni pale mkubwa anapomwambia mdogo: wewe mwisho wako hapa, yaliyo mazito kuliko haya mpe kaka yako. Sauti nyembamba, maneno ya watu, ndege, filimbi, hizo ni za spika. Ngoma na mngurumo ni vya sabufa. Ukiweka mpaka huo juu mno, sabufa inaanza kubeba maneno ya watu, na kila mtu anaongea kama yuko kwenye pipa. Ukiuweka chini mno, kuna maji yanabaki bombani bila mtu wa kuyabeba.

Sasa, kabla ya mpaka huo, mashine inakuuliza swali moja: spika zako ni kubwa au ndogo? Inauliza kwa nia njema. Ukijibu ndogo, inazipunguzia mzigo na kuupeleka kwenye sabufa. Ukijibu kubwa, inazibebesha kila kitu, nazo nyingi haziwezi, zinapepesuka. Jibu sahihi karibu kila nyumba ni ndogo. Nimefanya kazi hii mpaka leo, nimeingia majumba ya wakubwa na nyumba za wageni na kumbi za harusi, na sijakutana na mtu aliyefurahi kusikia hivyo. Wengine hukunja uso. Mmoja aliniambia nitoke.

Mzee Masunga wa Mwamkulu alikuwa mfalme wao. Huyu alikuwa Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake zamani, mtu mpole mwenye vidole kama mihogo, na alikuwa ameuza ng'ombe akaagiza hom thieta yenye spika ndefu kama milango. Binti yake Kabula alikuwa ameposwa, na Jumapili ile wakwe walikuwa wanakuja kuzungumza mahari. Alitaka wakiingia wakute mambo yanasikika. Alipokuja dukani kumwita Fundi alitoa maelekezo yote, nyumba ilipo, jenereta lilipo, kisha akageukia mlangoni akasema, “Na yule binti aje.” Fundi akajibu kwamba binti haendi mahali bila ufagio. Mzee akasema ni sawa, vumbi lipo la kutosha.

Tulifika Jumapili hiyo jioni, jua linaelekea kushuka. Mama Kabula, mke wa mzee, alitupokea kwa maziwa ya mgando na heshima nyingi kiasi kwamba nilinywa vikombe viwili kwa kuogopa kukataa. Sebule ilikuwa mpya, haijapigwa dari, na kabati la vioo lilikuwa na vikombe vya wageni vimepangwa kama wanafunzi mstarini. Ukuta wa nyuma ulitazamana na zizi. Spika zikasimamishwa, sabufa akaitaka mzee iwekwe kwenye kona, kwa sababu kona ni mahali pa heshima. Runinga ikaandika swali lake. Fundi akakohoa.

“Mzee, hapa inatuuliza ukubwa wa spika. Kitaalamu tunaandika ndogo.”

Mzee Masunga akatazama spika zile ndefu. Akatazama runinga. “Ndogo zipi?”

“Hizi.”

“Fundi, nimeuza ng'ombe wenye pembe hivi,” akatanua mikono mpaka ikagusa pazia, “halafu unaniandikia ndogo? Ndani ya nyumba yangu? Wakwe wanakuja na wanajua kusoma!”

“Basi, kubwa,” akasema Fundi, ambaye alikuwa anajua pa kuishia.

Akaweka kanda ya filamu ya vita. Jenereta likanguruma, sebule ikajaa mabomu. Spika zikaanza kupepesuka palepale, sabufa ile ya kona ikavimba, bati likaanza kuimba wimbo wake, na vikombe vya wageni vikasogea taratibu kwenda mbele ya kabati kana kwamba vinataka kuona. Nikashika ufagio nikaanza kufagia kuelekea mlangoni. Shusha. Fundi akashusha kidogo. Nikafagia tena kwa nguvu. Shusha, shusha sana. Hapo mkono ukanishika begani.

“Mayu! Mama yangu!” Mama Kabula alikuwa ametoa macho. “Jua linazama! Unafagia kutoa nje?”

Nilikuwa nimesahau. Kwa kweli hata kwetu tulikatazwa, ila mimi kwa miezi kadhaa nilikuwa nafagia kwa lugha nyingine. Ukifagia kuelekea nje jua likizama, unaitoa mali ya nyumba, na hii ilikuwa nyumba inayongoja mahari.

“Samahani mama.”

“Fagia kuja ndani, mwanangu. Ndani. Hivi.” Akanigeuza kwa mabega yote mawili. Nikafagia pole pole, kidogo sana, kuelekea ukutani. Fundi akapandisha. Nikasimama. Nikajaribu kuuegemeza ufagio ili angalau abaki hapo hapo, lakini Mama Kabula alikuwa ameshaona kwamba mgeni anafagia nyumba yake, aibu ambayo ilikuwa imechelewa tu kumfikia. “Lete huo. Mgeni hafagii.” Akaunyakua. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshatoa mali kiasi, akaamua kuirudisha. Alifagia kutoka mlangoni mpaka ukutani, mkono mrefu wa mwanamke aliyelima, mkupuo baada ya mkupuo, na Fundi Zuberi katikati ya sebule, macho nusu, kidole hewani, akawa anapandisha, na kupandisha, na kupandisha.

“Fundi!” nilipiga kelele. Hakunisikia. Nyumba nzima hakuna aliyenisikia. Bomu kubwa la kanda ile likalipuka, na ukutani kwa nyuma pakasikika kitu kama mvua ya mawe. Ng'ombe wa Mzee Masunga walikuwa wamevunja zizi.

Wakati huohuo wakwe walikuwa wanaingia uani, wamevaa makoti. Wazee wanne waliokuja kuzungumza kwa taratibu, kwa mafumbo, kwa kukataa mara mbili kabla ya kukubali, walikutana na ng'ombe mlangoni. Lakini nao walikuwa Wasukuma, na Msukuma akiona ng'ombe wanakimbilia shamba la mpunga la mtu hana tena muda wa koti. Walitupa fimbo za heshima wakabaki na fimbo za kazi. Niliona kwa dirisha mshenga mwenyewe anavuka mfereji kwa kuruka, na Mzee Masunga nyuma yake, wanapigiana miluzi kama waliolelewa zizi moja. Fundi naye alitoka mbio, sijui alitegemea kufanya nini.

Nikabaki mimi na Mama Kabula. Nikashika rimoti. Nikaziandika spika ndogo. Nikateremsha krosova, nikaikokota sabufa kuitoa kwenye kona, nikasogeza kiti, nikasikiliza, nikashusha tena. Mama Kabula alisimama na ufagio mkononi ananitazama. Nilipomaliza, kanda ilikuwa imefika mahali ambapo mama wa askari anamuaga mwanawe, na sauti yake ikasimama pale katikati ya chumba, safi, kama ameingia kukopa chumvi. Mama Kabula akageuka kuangalia mlangoni. Kisha akasema taratibu, “Kumbe.”

Waliporudi walikuwa na tope mpaka magotini na wameshaanza kuitana shemeji. Mahari ilizungumzwa, Fundi alinisimulia baadaye, kwa muda mfupi kuliko chai ilivyochukua kuchemka, maana huwezi kumfanyia mafumbo mtu mliyefukuza naye ndama. Mzee Masunga alikaa mbele ya runinga, akasikiliza, akapiga paja. “Hiyo ndiyo kubwa!” akawaambia wakwe. “Sikieni ukubwa huo!” Fundi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa bingwa. Njiani, juu ya pikipiki, nilimpigia kelele sikioni nikamweleza nilichofanya.

Mpunga ukavunwa. Baba mdogo alikuja kama alivyosema, asubuhi, na gari la kukodi lenye harufu ya dagaa, na magunia mawili ya nguo za watoto, matupu. Nilimkuta ameshasimama dukani kwa Fundi. Mzee Masunga naye alikuwapo siku hiyo kwenye benchi, kafuata waya. Baba mdogo alisalimia watu wote vizuri, kisha akauliza swali lililomleta.

“Fundi, huyu ni mtoto wa kaka yangu. Ameniambia anafanya kazi kwako. Kazi gani?”

Fundi alinitazama. Alimtazama Mzee Masunga kwenye benchi, na waya mkononi mwake, na barabara iliyojaa wateja wa kesho. Jasho likamtoka chini ya kofia. “Anafagia,” akasema.

“Anafagia.”

“Anafagia vizuri sana.”

Baba mdogo akatikisa kichwa polepole. Hakufurahi, lazima niseme hivyo. Nadhani naye alikuwa amekuja akitumaini kitu. “Skola, mwanangu,” akasema, “kufagia si kazi ya kulea watoto. Twende ukawafungie nguo.” Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa nimeapa, na tulikuwa tumekula sahani moja miezi yote hiyo. Niliuegemeza ufagio kwenye mlango, nikamfuata baba mdogo. Tulikuwa tumefika kwenye nyanya za mama mmoja aliyekuwa anauza kando ya barabara tuliposikia nyuma yetu sauti ambayo Majengo nzima iliisikia.

“MIMI NI KIZIWI!”

Fundi Zuberi alikuwa katikati ya barabara, hana kofia, mikono hewani. Baiskeli zilisimama.

“Sisikii! Sikio hili limekufa na hili linakufa! Huyu binti ndiye anayesikia! Kazi zote ni zake! Mimi nashika rimoti tu!”

Kisha mama wa nyanya akasema, bila kuacha kupanga mafungu yake, “Tunajua, Fundi.”

“ANASEMAJE?” Fundi akaniuliza.

“Anasema wanajua,” nikampigia kelele.

“Tangu lini?”

“Tangu ulipoanza kunong'ona!” alijibu fundi cherehani kutoka kibarazani kwake, na watu wakaangua kicheko, kicheko kirefu kisicho na ubaya. Mzee Masunga alikuwa ametoka dukani na waya wake. “Baba,” akamwambia baba mdogo, “mimi nilipomwita huyu fundi, nilisema na binti aje. Bila binti ningemwita wa nini?”

Fundi alikuwa ameshika moto wa ukweli, hakuweza tena kuuzima. “Na ni yeye aliyeziandika spika zako ndogo!” akamwambia.

Tabasamu la Mzee Masunga likakatika. “Ndogo?”

“Ndogo, mzee,” nikasema. “Tangu siku ile ya wakwe.”

Alisimama pale. Niliona uso wake unapigana: huku ng'ombe wa pembe ndefu, huku ile sauti ya mama anayemuaga mwanawe, ambayo nilisikia kwamba alikuwa anairudia kila jioni na kumwita nani na nani aje aisikie. Hatimaye akashusha pumzi. “Ziache hivyohivyo,” akasema. Kisha akanisogelea. “Lakini mkwe wangu asijue.”

Baba mdogo alitutazama wote kwa zamu, kama mtu aliyeingia kwenye mkutano wa ukoo usio wake. “Kwa hiyo, Skola,” akaniuliza, “kazi yako ni kusikia?”

“Ndiyo, baba.”

“Na mtu mzima wa kuisemea ni huyu anayepiga kelele barabarani.”

“Ndiyo, baba.”

Tulitembea mpaka nyumbani. Alikaa kwenye kitanda cha ukumbini, kwa kuwa kiti hatukuwa nacho, na Editha akapiga goti akamnawisha mikono. Leo akaleta maji ya kunywa, ndoo yake kamili, hajamwaga hata tone. Tukala dagaa aliowaleta yeye mwenyewe. Kutoka chumba cha tatu mwalimu alikuwa anasali, haraka, na baba mdogo akainua macho kwenye lile pengo la juu ya ukuta, akanitazama, na naamini wakati huo ndipo alipojua jinsi nilivyoyapata yale maneno yake ya siku ya matanga. Alimaliza kula. Alikunja magunia yake vizuri, moja ndani ya jingine.

“Nimewaacha,” akasema. “Mpaka Krismasi. Krismasi nitakuja kuangalia.”

Alikuja Krismasi, akala, akaangalia, akasema ametuacha mpaka Krismasi nyingine. Akaja na hiyo. Leo alimaliza shule, akaajiriwa, akaota ndevu. Editha aliolewa, na siku ya harusi yake baba mdogo alisimama mbele ya watu, mzee sasa, akamkabidhi kwa mume wake kwa sauti ileile isiyo na hasira. “Namwacha kwako,” akamwambia. “Lakini mpaka Krismasi tu.”